Aliyoyasikia Jim Ndani ya Pipa

Jioni moja, merikebu ikiwa imebakiza usiku mmoja tu kufika kisiwani, kijana Jim Hawkins alimaliza kazi zake akatamani tofaa. Sitahani palikuwa na pipa la matofaa lililoachwa wazi ili kila baharia ajichukulie. Yalikuwa yamebaki machache mno, tena chini kabisa, kwa hiyo Jim akaingia mzimamzima, akaketi gizani, na kwa mlio wa maji na mayumbo ya chombo usingizi ukaanza kumnyemelea. Mara mtu mzito akaja akaegemea pipa kwa nje. Alikuwa John Silver, mpishi wa merikebu, mtu wa mguu mmoja ambaye Jim alimpenda kuliko mabaharia wote.

Tukiulizwa Jim alisikia nini mle ndani, wengi wetu tunajibu haraka: alisikia kwamba karibu mabaharia wote ni maharamia na kwamba wamepanga kuwaua wenye chombo. Ni kweli, aliyasikia. Lakini kabla ya hayo alisikia jambo dogo lililomchoma zaidi. Silver alikuwa anamsifu baharia mmoja kijana: ni mdogo wa umri lakini ana akili, yeye Silver alilitambua hilo mara tu alipomtia machoni, na ndiyo maana atasema naye kama mtu mzima. Sifa hizo Jim alizijua. Alikuwa ameambiwa yeye mwenyewe na mtu huyohuyo, karibu neno kwa neno. Anatusimulia kwamba kama angeweza, angemuua Silver palepale kupitia mbao za pipa.

Hasira ile haikutokana na jinai iliyofichuka. Mpango wa mauaji ulikuwa bado haujatajwa vizuri. Ilikuwa hasira ya mtoto aliyezihifadhi sifa moyoni kama tunu, kisha akaziona zinagawiwa kwa mwingine kama njugu. Mtoto yeyote aliyewahi kupendwa kwa hila anaijua.

Kitabu hicho ni Treasure Island cha Robert Louis Stevenson, Mskochi. Alikianza Braemar, Uskochi, kiangazi cha 1881, mvua ikiwa imewafungia ndani, baada ya ramani ya kisiwa cha kubuni kuchorwa kumfurahisha Lloyd Osbourne, mtoto wa mkewe. Kwa siku 15 aliandika sura moja kila siku, kisha kalamu ikakauka, akaja kukimaliza Davos, Uswisi. Kilitoka kwanza vipande vipande katika gazeti la watoto la Young Folks, kati ya 1881 na 1882, bila kishindo, kisha kama kitabu mwaka 1883. Kwetu nako kiliingia mapema. Frederick Johnson, ambaye jina lake limeshikamana na kamusi ya Kiswahili ya 1939, alishiriki kukitafsiri kwa jina la Kisiwa Chenye Hazina mwaka 1929. Kwa hiyo Silver amekuwa akizungumza Kiswahili kwa karibu karne nzima.

Uchambuzi wa wahusika tuliofundishwa shuleni una jedwali lake: mhusika mkuu na wahusika wadogo, bapa na duara, sifa zake, umuhimu wake. Ukilijaza kwa kitabu hiki utaandika kwamba Silver ni mnafiki, katili na mwenye tamaa, Jim ni jasiri na mdadisi, Daktari Livesey ni mwadilifu, na mtahini atakupa alama zako. Sina ugomvi na jedwali. Linamsaidia mwanafunzi kuanza. Ila halielezi kwa nini Jim aliumia ndani ya pipa, wala halielezi kwa nini msomaji, akijua yote anayoyajua, bado anamtazamia Silver kwa hamu kila sura inapofunguka. Mimi kila ninapokirudia kitabu hiki naona kwamba Stevenson amewapima watu wake wote kwa kipimo kimoja, nacho ni kinywa. Nani anaropoka, nani anajua kunyamaza, nani anasema ukweli unaoudhi, nani anasema uongo unaopendeza, na nani akishatoa neno lake analishika hata likimgharimu.

Tuanze na mwenye ulimi.

Kabla hatujamwona Silver, tumeshamwogopa. Billy Bones, baharia mlevi anayekuja kupanga katika nyumba ya wageni ya wazazi wa Jim, anamlipa mtoto senti nne za fedha kila mwezi ili amwangalizie mtu wa mguu mmoja. Usiku wa dhoruba Jim anamwota mtu huyo kwa maumbo elfu, akimkimbiza na kuruka mitaro. Halafu, katika bandari ya Bristol inakoandaliwa safari ya kutafuta hazina, anafunguliwa mlango wa kilabu safi chenye mapazia mekundu, sakafu imetandazwa mchanga, na mwenye kilabu ni mtu mrefu, mwenye uso mpana wa tabasamu, anaruka baina ya meza kwa mkongojo wa kwapani kwa wepesi wa ndege, akiwapiga wateja bega na kuwachekesha. Jim anajiambia kwamba haiwezekani awe ndiye. Amekwisha kuwaona maharamia: Black Dog mwenye vidole pungufu, na Pew kipofu mwenye sauti ya kutisha. Anadhani sasa anajua haramia anafananaje.

Hapo ndipo Stevenson anapomtendea msomaji mdogo jambo la heshima sana. Hadithi nyingi za watoto humwekea mbaya alama usoni. Kitabu hiki kinamwekea mtoto wabaya wenye alama, kimwache azoee kuzisoma, halafu kimletee mbaya asiye nayo. Ule mguu mmoja alioambiwa auangalie upo mbele ya macho yake, na uchangamfu wa mtu unaufunika. Wahenga wanasema maneno matamu humtoa nyoka pangoni. Silver amewatoa wote: Bwana Trelawney, kabaila mwenye merikebu, alimpa kazi baada ya mazungumzo ya gatini tu, na karibu mabaharia wote waliobaki wakaja kwa mkono wa Silver huyohuyo.

Stevenson hakuficha alikomtoa. Mwaka 1875, katika hospitali ya Edinburgh, alikutana na W. E. Henley, mshairi na mhariri aliyekatwa mguu kwa kifua kikuu cha mifupa na aliyekuwa akitibiwa na Joseph Lister. Henley alikuwa mtu wa sauti kubwa, ndevu, kicheko na mamlaka. Baadaye Stevenson alieleza jinsi alivyomuunda Silver: kumchukua rafiki anayempenda, kumvua sifa zake zote za juu, na kumwachia nguvu, ujasiri, wepesi na ucheshi tu. Nadhani hiyo ndiyo siri ya Silver. Ametengenezwa kwa mtu anayependwa. Ucheshi wake hakuuvaa kama joho ili atufiche ubaya, ni wake kweli. Anapomfundisha Jim majina ya vitu vya merikebuni, anapomkaribisha jikoni ambako sahani zinang'aa na kasuku yuko kwenye tundu lake, anafurahi kweli. Mtu wa namna hiyo ni wa kuogopwa zaidi kuliko mnafiki wa kawaida, kwa sababu hakuna mahali pa kumkwangua ukakuta uongo.

Na ukatili wake ni wa kweli vilevile. Siku ya kwanza kisiwani Jim, akiwa amejificha kwenye majani, anamwona Silver akimbembeleza baharia mwaminifu aitwaye Tom ajiunge na uasi. Anamsemesha kama ndugu. Kutoka mbali kwenye kinamasi kunasikika ukelele wa mtu mwingine, Alan, akiuawa kwa kukataa jambo hilohilo. Tom anaelewa, anakataa, anamgeuzia mgongo na kuanza kutembea kuelekea ufukweni. Silver anashika tawi la mti, anachomoa mkongojo kwapani na kuuvurumisha. Unampata Tom kwa ncha katikati ya mgongo. Kabla hajainuka, yule mtu wa mguu mmoja yuko juu yake, bila mkongojo, mwepesi kama kima, kisu kimeshazama mara mbili. Jim anazimia. Anapozinduka, Silver amekwisha kuvaa kofia yake, mkongojo uko kwapani, na anafuta kisu kwa majani.

Nimekaa na ukurasa huo muda mrefu. Kinachotisha ni mfuatano. Neno tamu lilitangulia, likakataliwa, ndipo kisu. Kwa Silver neno na kisu ni vyombo viwili vya kazi moja, na hutanguliza neno kwa kuwa halichoshi mkono. Wenzake wanakunywa fedha zao. Yeye ameweka zake benki, anatafuta hazina ili astaafu kwa heshima, apande gari la farasi, aingie bungeni. Anawadharau maharamia wenzake kwa sababu hawajui kungoja.

Sasa mweke karibu na nahodha Smollett, maana kitabu kimewaweka karibu makusudi. Smollett ndiye mtu asiyependeza kuliko wote wa upande wa haki. Hata hawajang'oa nanga, anaingia chumbani na kumwambia Trelawney waziwazi kwamba haipendi safari, hawapendi mabaharia, na hampendi hata msaidizi wake. Trelawney anachukia. Nahodha anaendelea: aliajiriwa bila kuambiwa wanakwenda wapi, na sasa anakuta kila baharia anajua kwamba wanafuata hazina. Siri hiyo, anasema, imeshamfikia hata kasuku. Kabaila anaapa kwamba hakumwambia mtu. Daktari na Jim hawamwamini, kwa kuwa wanamjua.

Trelawney huyu ni mropokaji. Livesey alimwonya tangu mwanzo kwamba anayemwogopa ni mtu mmoja tu, na mtu huyo ni yeye Trelawney, kwa kuwa hawezi kuuzuia ulimi wake. Barua aliyoiandika kutoka Bristol inatosha kumhukumu: ameeneza habari mji mzima na anajisifu kwa bahati ya kumpata Silver. Ni mlenga shabaha hodari kuliko wote merikebuni, na ni mwema. Lakini kila anayekufa upande wao amekufa kwa sehemu kwa sababu ya kinywa chake. Stevenson halisemi hilo kwa hotuba. Anamleta mzee Tom Redruth, mlinzi wa wanyama wa shamba lake, mtu aliyefuata safari bila kupenda, aliyetii kila amri kimya na mara nyingine kwa kununa, na sasa amelala ndani ya boma la magogo akitokwa na damu. Bwana mkubwa anapiga magoti karibu naye, anambusu mkono huku akilia kama mtoto, na kumwomba amsamehe. Mzee anashangaa: je, ni adabu mtumishi kumsamehe bwana wake? Basi na iwe hivyo. Anaomba asomewe dua, anakata roho. Mtu wa maneno mengi na mtu wa maneno machache, na deni baina yao. Sijui mahali pengine kitabuni ambapo Stevenson ameandika kwa mkono mwepesi kiasi hicho.

Smollett naye ana tukio lake, na wachambuzi wengi hulipita. Wakati watu wema wanahama merikebu kwa mashua ndogo, maharamia wakiwa wamebanwa ndani, nahodha anapaza sauti kumwita baharia mmoja kijana kwa jina, Abraham Gray. Hamwahidi chochote. Anamwambia kwamba anaondoka, anamwamuru amfuate nahodha wake, anasema anajua Gray ni mtu mwema na kwamba hakuna hata mmoja wao aliye mbaya kama anavyojionyesha. Ana saa mkononi: sekunde 30. Kunasikika vurugu, Gray anatoka mbio na jeraha la kisu shavuni, anasimama upande wa nahodha. Linganisha na Silver usiku ule wa pipa. Wote wawili wanamwita kijana mmoja aliyesimama njia panda. Mmoja anamwambia yeye ni wa pekee, mwingine anamwambia afanye wajibu wake. Dick, aliyeambiwa ni wa pekee, mwisho wa kitabu anaachwa kisiwani, homa ikimtafuna, Biblia yake imekatwa ukurasa kutengeneza alama nyeusi ya kumwondoa Silver uongozini. Gray anarudi nyumbani, anajifunza kazi, anakuja kuwa mmoja wa wamiliki wa merikebu.

Kuna picha moja ya wawili hao pamoja. Silver anakuja bomani kufanya mapatano, anapanda mchanga kwa shida, anaketi. Mapatano yanavunjika. Anaomba mtu ampe mkono ainuke. Nahodha anakataa, na hakuna anayesogea. Silver anatambaa mchangani akitukana hadi anaposhika nguzo ya mlango. Mtoto anayesoma hapo hujisikia vibaya, na ni haki yake ajisikie hivyo: mlemavu anatambaa mbele ya watu wazima wenye afya. Stevenson, ambaye rafiki yake alikuwa na mguu mmoja na yeye mwenyewe mapafu mabovu tangu utoto, alijua anachokiandika. Haki iko upande wa Smollett, na bado haipendezi kuitazama.

Daktari Livesey nampitia haraka kidogo, si kwa kuwa ni mdogo. Ni daktari na pia hakimu, na mamlaka yake yote yako katika sauti isiyopanda. Billy Bones anamwinulia kisu, yeye anaendelea kusema kwa sauti ileile, bila kujisogeza, mpaka kisu kinarudi mfukoni. Kisiwani anavuka kwenda kambi ya adui kila asubuhi kuwatibu maharamia homa ya kinamasi, akiwakemea kama watoto wa shule, nao wanameza dawa kwa utii. Sura tatu za kitabu, ya 16 hadi ya 18, ni yeye anayesimulia badala ya Jim, na ukizisoma kwa sauti utasikia tofauti: sentensi zinajikaza, hofu inapungua. Lakini hata yeye si malaika. Ndiye anayempa Silver ramani akijua hazina haiko tena mahali pake, na kwa kunyamaza kwake anawapeleka watu kwenye shimo tupu na mitutu ya bunduki. Kunyamaza kwa mwema kunaua pia.

Na Jim?

Baba yake anakufa mapema, karibu tusahau kwamba alikuwapo. Siku chache baadaye Billy Bones anaanguka kwa kiharusi, na Jim, ambaye hakumpenda, anaangua kilio, kwa kuwa hicho ni kifo cha pili kukiona na huzuni ya kwanza bado ni mbichi. Tangu hapo anatembea katikati ya wanaume wanaoweza kuwa baba: daktari, kabaila, nahodha, mpishi. Ni mmoja tu anayemwona. Wengine wanampenda, wanamwamuru, wanamsahau. Silver anasema naye kama mtu. Ndiyo maana pipa liliuma.

Walimu wengi hupata shida na Jim, nami nimeiona shida hiyo. Kila tendo linalowaokoa wenzake ni la utoro. Anaruka kwenye mashua ya maharamia bila ruhusa, na huko anamkuta Ben Gunn, baharia aliyetelekezwa. Anatoroka bomani wakati nahodha amejeruhiwa, anaichukua mashua ndogo ya ngozi za mbuzi, anaikata amari ya merikebu, na mwisho anairudisha merikebu mikononi mwa wenyewe baada ya kumuua haramia Israel Hands juu ya mlingoti, yeye mwenyewe akiwa amepigiliwa bega kwa kisu. Kitabu hakimwambii mtoto kwamba utoro ni mzuri. Daktari anapokutana na Jim baadaye anamkemea kwa maneno makali: nahodha alipokuwa mzima hukuthubutu kuondoka, umengoja awe hoi. Ni woga, anamwambia, na Jim analia. Yote mawili yanasimama pamoja, wokovu na aibu, na Stevenson hakuyapatanisha.

Kisha linakuja tukio ambalo kwangu ndilo moyo wa kitabu. Jim ametekwa. Maharamia wanataka kumuua, Silver amewazuia, na wamekubaliana kila mmoja amwokoe mwenzake. Daktari anakuja, na Silver anamruhusu Jim azungumze naye faraghani kwenye uzio, baada ya Jim kuahidi kwamba hatatoroka. Wakiwa pale, daktari, kwa huruma, anamwambia aruke uzio wakimbie. Ni hatua moja tu. Jim anajua kinachomngoja akibaki, na anakiri kwamba anaogopa kuteswa asije akasema merikebu iko wapi. Anakataa. Nimetoa neno langu, anasema kwa maana, na wewe daktari usingelivunja lako, wala kabaila, wala nahodha, basi nami silivunji.

Ahadi ni deni, tunasema, na kwa kawaida tunafikiria deni kwa mtu mwema. Jim anamlipa mwongo. Anamlipa mtu ambaye sifa zake aliziona zikigawiwa kwa mwingine, aliyemuua Tom mbele ya macho yake. Mtu mzima mwenye busara, daktari na hakimu, ndiye anayemshawishi avunje ahadi, na mtoto ndiye anayemkumbusha. Ukitaka kujua wapi Jim alikua, ni hapo kwenye uzio, zaidi ya juu ya mlingoti. Kwa uamuzi huo anawapita wote, maana amechukua kutoka kwa kila mmoja kilicho bora: ujasiri wa Silver, ukweli wa nahodha, unyoofu wa daktari, na akaacha mengine.

Katika safari ya kwenda kwenye hazina Silver anamkokota Jim kwa kamba kiunoni, na kadiri shimo linavyokaribia anamgeukia kwa macho ya kuua. Wanafika, shimo ni tupu. Kwa muda wa pumzi moja Silver amekwisha kubadili mawazo yote ya maisha yake: anampenyezea Jim bastola, anamnong'oneza ajiandae, na uso ni wa kirafiki tena. Jim anachukizwa. Lakini nafasi ile ya kusimama upande mmoja na daktari Silver aliipata kwa sababu mtoto hakuruka uzio.

Wengine ni wa kupita, ingawa hakuna aliyechorwa ovyo. Ben Gunn, aliyeachwa peke yake kisiwani miaka mitatu, amekosa watu wa kusema nao hadi maneno yanamtoka bila mpangilio, na hamu yake kubwa ni kipande cha jibini. Flint, haramia aliyeificha hazina, amekufa kabla kitabu hakijaanza, na bado anatawala: ramani ni yake, mifupa ya mtu aliyelazwa ielekeze njia ni kazi yake, na sauti ya Gunn ikimwigiza kutoka msituni inawalegeza magoti watu wasioogopa bunduki.

Wanawake ni wawili tu wa kutajwa. Mama yake Jim, maharamia wakiwa njiani kuja, anakataa kukimbia kabla hajahesabu anachomdai marehemu Bones, wala hataki hata senti iliyozidi. Anahesabu sarafu moja moja huku fimbo ya kipofu ikigonga barabarani. Watu humwona mpumbavu. Mimi namwona mtu pekee katika kitabu kizima anayejua kiasi gani ni chake. Wa pili ni mke wa Silver, mwanamke mweusi, asiyepewa jina. Tunaambiwa tu kwamba ndiye aliyeuza kilabu, akazichukua akiba zote benki, na anamngoja mumewe mahali wanapopajua wao wawili. Haramia asiyemwamini mtu yeyote duniani amemwamini huyo kwa kila kitu alichonacho, na mwandishi hakumfungulia mlango hata mara moja. Msomaji wa Kiafrika atasimama hapo, na ana sababu. Bristol ya wakati wa hadithi hii ilitajirika kwa biashara ya watumwa. Silver mwenyewe anataja kwamba daktari aliyemkata mguu alinyongwa Corso Castle, nayo ni ngome ya pwani ya Ghana, mojawapo ya zile walizosafirishiwa watu. Kitabu kinapita kando ya mambo hayo kwa jina moja na mwanamke mmoja, kisha kinaendelea na bahari.

Bahari yetu nayo imo. Silver anajigamba kwamba kasuku wake amefika Madagaska na Malabar, na kwamba alisafiri na nahodha England. Edward England hakubuniwa. Mwaka 1720, kwenye kisiwa cha Nzwani huko Komoro, watu wake waliishambulia Cassandra, merikebu ya Kampuni ya Uingereza ya India Mashariki iliyoongozwa na James Macrae. Historia ya maharamia ya Charles Johnson, kitabu ambacho Stevenson alikitaja miongoni mwa vyanzo vyake, inasimulia kwamba Macrae alipojipeleka kwa maharamia na maisha yake yakawa hatarini, alijitokeza mmoja wao, mwenye masharubu makubwa na mguu wa mti, akaapa kwa matusi mazito kwamba hakuna atakayemgusa, kwani aliwahi kusafiri naye na ni mtu mwaminifu. Macrae akapona. Haramia mwenye kiungo pungufu, aliyemwokoa mtu kwa ukali wa kinywa chake, katika maji ya Waswahili na majirani zao.

Jim alipohesabu baada ya pipa, walikuwa watu 26 chomboni, wa kuaminika 7, na mmoja wa hao 7 alikuwa yeye mtoto. Waliorudi na merikebu kati ya wote waliong'oa nanga walikuwa watano. Nahodha Smollett, akiwa bado mgonjwa, alimwambia Jim kwamba ni kijana mzuri kwa namna yake, ila hawatasafiri tena pamoja, kwa kuwa amezaliwa kuwa kipenzi cha watu. Ni hukumu ya haki, na inauma, na inasemwa na mtu asiyejua kusema jingine.

Silver alitoroka katika bandari ya kwanza na mfuko mmoja wa fedha, na wote wakashukuru kwamba wameachana naye kwa bei ndogo. Nilipowahi kumsomea mtoto wa nyumbani sehemu hiyo, hakuuliza kama Silver alikamatwa. Aliuliza kama alimkuta mkewe. Jim naye anamtakia hivyo, kwamba labda wanaishi kwa raha, yeye na mkewe na kasuku.

Jim mwenyewe hakupona kabisa. Anasema hata ng'ombe hawatamkokota kurudi kisiwani, na ndoto zake mbaya kuliko zote ni zile anazosikia mawimbi yakivunja ufukweni, au anazoshtuka na kuketi kitandani kwa ukelele wa kasuku. Si sauti ya Silver, yenye sifa na vicheko. Ni ya ndege, anataja sarafu za Hispania, tena na tena, neno lilelile, kwa yeyote anayesikia.